Inteki za Kununua na Smog Check ya California: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa wenzetu wanaoendesha magari California na wamefunga, au wanataka kufunga, inteki ya kununua: bomba jipya lenye filta ya koni linalochukua nafasi ya boksi jeusi la filta lililokuja na gari kutoka kiwandani. Smog Check ni ukaguzi wa hewa chafu wa jimbo hilo. Maswali mengi huja barua ya DMV, idara ya magari ya jimbo, ikiwa imeshafika na muda wa rejista unayoyoma, wakati pesa imeshatoka mfukoni. Ni heri uyasome haya kabla hujanunua.

Gari langu halitoi moshi hata kidogo. Bomba la hewa linanifelisha vipi?

Smog Check haipimi moshi peke yake. Fundi mwenye leseni hufungua boneti na kukagua kwa macho. Kuna kibandiko cha kiwanda humo ndani kinachotaja vifaa vya kudhibiti hewa chafu ambavyo gari hilo lilitengenezwa navyo. Fundi anapita kimoja kimoja: Kipo? Kimeunganishwa? Ni cha asili au kimebadilishwa? Inteki imo kwenye ukaguzi huo, maana hewa inayopita ndani yake ndiyo kompyuta ya gari inaitegemea kupanga mafuta, na mpira unaorudisha mvuke wa injini umechomekwa humo humo. Akikuta bomba lisilo la kiwandani na halina namba ya kibali, anaandika kwamba mfumo umebadilishwa, na gari limefeli. Hata masega ya ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi, yawe mapya, jibu ni hilo hilo.

Kwa magari ya petroli ya mwaka 2000 na kuendelea, hakuna hata kifaa kinachoingizwa kwenye ekzosi. Tangu Machi 2015 magari hayo huchomekwa waya kwenye soketi ya OBD, mfumo wa gari wa kujikagua lenyewe, iliyo chini ya dashibodi, na kompyuta ya gari ndiyo inayotoa ushahidi. Magari ya 1976 hadi 1999 bado hupimwa gesi za ekzosi, na katika maeneo yenye hewa mbaya zaidi hupandishwa kwenye roli na kupimwa magurudumu yakizunguka.

Sheria yenyewe ni kifungu cha 27156 cha sheria za magari za California. Kinakataza kufunga, kuuza na hata kutangaza kifaa kinachobadilisha mfumo wa kudhibiti hewa chafu, isipokuwa kile kilichopewa kibali.

Kwa nini California wakali namna hii?

Los Angeles imezungukwa na milima na ina jua kali. Kuanzia miaka ya 1940 watu wa jiji hilo walikuwa wakiamka na ukungu wa kahawia unaochoma macho na koo. Arie Haagen-Smit, mkemia wa chuo cha Caltech, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukungu huo unatokana na mvuke wa petroli na gesi za magari zinapopigwa na jua. Mwaka 1961 jimbo liliamuru mfumo wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa injini kwenye inteki ukaunguzwe badala ya kumwagwa nje. Bodi ya hewa ya jimbo, CARB, iliundwa 1967, na Smog Check ikaanza 1984. Kwa hiyo ule mpira mdogo ambao watu hufunga inteki na kuuacha ukining'inia ni kifaa cha kwanza kabisa cha kudhibiti hewa chafu ambacho jimbo hili liliwahi kukilazimisha kwenye magari. Ninaliona hilo kama jambo la kuheshimiwa. Watoto wetu wanaokulia Los Angeles na Riverside wanavuta hewa safi kuliko waliyovuta watoto wa miaka ya 1960, ingawa magari yameongezeka mno.

Namba ya EO ni nini hasa?

Ni namba ya hati ya msamaha inayotolewa na CARB. Mtengenezaji wa inteki anapeleka bidhaa yake, inafanyiwa vipimo, na ikionekana haiongezi hewa chafu kupita kiwango, anapewa hati. Namba huanza na herufi D, kistari, kisha tarakimu, na mara nyingi kistari kingine na tarakimu zaidi. Huandikwa kwenye kibandiko au kibati kidogo kinachokuja ndani ya boksi la bidhaa.

Wengi wanakosea hapa: namba hiyo si kibali cha inteki peke yake. Ni kibali cha inteki hiyo kwenye gari fulani. Hati inataja namba ya bidhaa, aina ya gari, modeli, miaka na injini. Kampuni hiyo hiyo inaweza kuuza mabomba mawili yanayofanana kama mapacha, moja la injini ya lita 1.8 na jingine la lita 2.0, na kibali kikawa kwenye moja tu. Au hati ikaishia magari ya mwaka fulani, na lako ni la mwaka unaofuata. Fundi wa Smog Check ana haki ya kulikataa hata kama kibandiko kinang'aa.

Kabla ya kulipa, ingia kwenye orodha ya CARB mtandaoni, tafuta namba ya EO, fungua hati yenyewe, kisha linganisha namba ya bidhaa, mwaka wa gari na injini. Usitosheke na maelezo ya duka.

Muuzaji ameandika kwamba inteki ni halali majimbo yote 50. Nimwamini?

Muulize namba ya EO. Akikupa, ikague mwenyewe kama nilivyoeleza. Asipokupa, basi. Soma pia maandishi madogo chini ya tangazo: kampuni nyingi zinazojulikana huandika wazi kwamba bidhaa fulani ni ya mashindano tu, au haiuzwi kwa matumizi ya barabarani California. Mabomba ya bei ya kutupa yanayouzwa bila jina la mtengenezaji kwa kawaida hayana kibali chochote, na hakuna njia ya kukipata baadaye. Wewe kama mwenye gari huwezi kwenda CARB kuombea bomba lako moja hati.

Inteki yangu ina EO lakini kibandiko kimepotea.

Hilo lina dawa. Wasiliana na mtengenezaji ukiwa na namba ya bidhaa, na mara nyingi atakutumia kingine. Kibandike mahali panapoonekana boneti ikifunguliwa tu, kwenye chuma kilichofutwa mafuta, mbali na ekzosi. Wengine hukibandika juu ya bomba lenyewe, na joto la injini linakikunja hadi maandishi hayasomeki. Chapa pia hati ya EO uende nayo. Haichukui nafasi ya kibandiko, ila inamrahisishia fundi kazi ya kuhakiki.

Nikibadilisha filta tu, ndani ya boksi la kiwandani?

Huna tatizo. Filta inayokaa mahali pa ile ya asili, hata iwe ya pamba inayooshwa na kutumika tena, huhesabiwa kuwa kipuri cha kawaida. Boksi, bomba, sensa na mipira yote imebaki ilivyokuwa. Mtu akiniuliza afanye nini, hili ndilo jibu langu la kwanza.

Taa ya injini imewaka baada ya kufunga inteki. Kwa nini?

Tuanze na sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini, maana ndiyo chanzo cha kesi nyingi. Ichomoe kwenye bomba uitazame: ndani ya kijidirisha chake kuna uzi mwembamba kabisa unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza. Kompyuta inaangalia ni umeme kiasi gani unahitajika kuurudisha kwenye joto lake, na hapo inajua hewa kiasi gani imeingia na mafuta kiasi gani yatoke. Hesabu hiyo imepangwa kwa upana wa bomba la kiwandani. Ukifunga bomba pana zaidi, hewa ile ile inapita taratibu, sensa inadhani hewa ni chache, na mafuta yanapunguzwa. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua upungufu na kompyuta inajaribu kuufidia. Ikifika mwisho wa uwezo wake wa kufidia, inawasha taa na kuandika namba ya hitilafu P0171, au P0174 kwa upande wa pili wa injini ya V. Bomba likiwa jembamba kuliko la asili, au hewa ikiingia kwa mzunguko usio sawa, mambo huweza kugeuka na ukapata P0172 au P0101. Hii ndiyo sababu inteki yenye EO hugharimu zaidi: mtengenezaji alilazimika kuhakikisha sehemu inayoshika sensa inaipa kompyuta hesabu iliyo sahihi.

Pili, hewa inayojipenyeza bila kupimwa. Klempu iliyolegea au mpira uliopasuka kati ya sensa na throto, mlango wa hewa wa injini, unaleta P0171 ile ile. Injini ikiwa inanguruma, sikiliza mluzi kwenye viungo. Kaza klempu zote tena baada ya siku chache za kuendesha, kwa sababu silikoni ikipata joto hutulia na klempu ikalegea.

Tatu, sensa ya joto la hewa. Kwenye magari mengi imo ndani ya MAF, lakini mengine inayo peke yake, na mtu akisahau kuichomeka anapata P0113.

Nne, mafuta ya filta. Filta ya pamba ikipakwa mafuta kupita kiasi baada ya kuoshwa, matone yanaweza kufuatana na hewa hadi kwenye ule uzi wa MAF. Uzi uliopakaa hausomi vizuri. Kuna dawa ya kupulizia ya kusafisha MAF; tumia hiyo, si dawa ya kusafisha breki, wala usiuguse uzi kwa kidole au kitambaa.

Tano ni ule mpira wa PCV. Baadhi ya watu huuchomoa na kuweka kifilta kidogo cha kupumulia juu ya kifuniko cha injini ili bomba lipendeze. Hapo umefeli ukaguzi wa macho moja kwa moja, hata kama inteki ina EO, kwa kuwa EO ilitolewa mpira ukiwa umeunganishwa.

Kuna na jambo lisiloonekana kwa urahisi. Magari kadhaa yaliyotengenezwa kwa viwango vikali vya California yana tabaka la mkaa ndani ya boksi la filta, la kunasa mvuke wa petroli unaotoroka injini ikiwa imezimwa. Boksi likitupwa, mkaa umeenda nalo. Hati ya EO ya inteki ya gari kama hilo huangalia na hilo.

Nikifuta namba za hitilafu kwa skana usiku wa kuamkia ukaguzi, nitapita?

Hapana. Ukifuta, unafuta pia kumbukumbu za majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, zile monita. Mashine ya ukaguzi inaona kwamba monita hazijakamilika. Kwa gari la petroli la 2000 na kuendelea inaruhusiwa moja tu isiwe tayari, nayo ni ya mvuke wa tangi la mafuta. La 1996 hadi 1999 linaruhusiwa moja, yoyote.

Tena tangu Julai 2019, kwa magari ya 2010 na kuendelea, mashine inasoma namba za hitilafu za kudumu. Hizi skana haizifuti, na kuchomoa betri hakusaidii. Zinaondoka pale tu kompyuta yenyewe inaporidhika kwamba tatizo limekwisha. Zinapuuzwa ikiwa gari limeshawashwa na kupata moto angalau mara 15 na kutembea maili 200 tangu namba zifutwe.

Kwa hiyo tengeneza tatizo kwanza, kisha endesha gari kama kawaida wiki moja au mbili: liwashwe asubuhi likiwa baridi, liende mjini na kusimamasimama, lipate na safari ya barabara kuu kwa mwendo usiobadilika. Skana ya bei nafuu inatosha kukuonyesha monita zimekamilika au bado. Itumie kabla ya kwenda kituoni.

Nitarudisha boksi la kiwandani siku ya ukaguzi, kisha nifunge inteki tena. Tatizo liko wapi?

Kifungu cha 27156 kinafanya kazi kila siku gari likiwa barabarani. Polisi akifungua boneti akakuta inteki isiyo na EO, anaweza kukuandikia na ukalazimika kwenda kwa Referee, mkaguzi maalumu wa jimbo, na huyo hapitishi kitu kwa kuombwa. Halafu kuna ufundi wenyewe. Kila unapobadilisha bomba, kompyuta inaanza kujifunza upya namna ya kufidia mafuta, kwa hiyo ukirudisha boksi asubuhi na kuingia kituoni mchana, unaenda na gari ambalo hesabu zake bado zinayumba. Ushauri wangu: ukishalirudisha boksi, liache hapo.

Nimeprogramu kompyuta ya gari upya ili iendane na inteki.

Tangu tarehe 19 Julai 2021 mashine ya Smog Check inalinganisha programu iliyomo kwenye kompyuta na ile ya kiwanda. Ikikuta programu iliyobadilishwa ambayo haina EO yake, gari linafeli. EO ya inteki haifuniki programu. Mfanyabiashara aliyekuuzia tyuni, yaani programu hiyo mpya, mara nyingi anaweza kurudisha programu ya asili. Akishindwa, nenda kwa wakala wa gari lako aipakie upya, nawe utalipia.

Ni magari gani hayaendi Smog Check?

Magari ya petroli ya 1975 na ya zamani zaidi, magari ya umeme, pikipiki, na ya dizeli ya 1997 na ya zamani zaidi. Gari la petroli ambalo halijapita miaka minane ya modeli halifanyiwi ule ukaguzi wa kila miaka miwili. Unalipa ada badala yake. Lakini kutokaguliwa hakukupi ruhusa ya kufunga kitu chochote. Vijana wananunua gari jipya, wanafunga inteki isiyo na EO, wanatulia miaka kadhaa, na ukaguzi wa kwanza unapokuja boksi la asili limeshatupwa zamani.

Na wenye magari ya kabureta ya miaka ya 1980: angalieni ule mpira wa karatasi ya alumini unaotoa hewa ya moto kwenye manifoldi ya ekzosi na kuipeleka kwenye filta. Ukiondoa sufuria ya asili ya filta na kuweka filta ya wazi ya kromu, mpira huo unabaki bila kazi, na gari linafeli.

Nimeshafeli. Nifanye nini?

Chukua karatasi ya matokeo uisome hadi mwisho. Ikiwa kilichofelisha ni ukaguzi wa macho peke yake, kazi ni ndogo: tafuta boksi la asili. Yadi za magari mabovu, zile unazoingia na spana zako, huwa nayo kwa bei ya chini sana kuliko dukani. Hakikisha umechukua boksi zima, bomba, mpira wa PCV na mabano yake, si kifuniko tu. Sensa yako ya MAF iliyotoka kiwandani irudishe mahali pake.

Kama unaamini fundi amekosea, kwa mfano inteki yako ina EO na namba zote zinalingana, una haki ya kwenda kwa Referee. Hilo ni jambo la kawaida na halina ugomvi. Nenda na hati.

Jimbo lina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo gharama za matengenezo, unaoendeshwa na Bureau of Automotive Repair, ofisi hiyo hiyo inayosimamia Smog Check. Ila gari ambalo mfumo wake umechezewa halisaidiwi mpaka ulirudishe kwanza katika hali ya asili.

Cheti chenyewe ni dola 8.25, juu ya bei ambayo kila kituo kinajipangia. Uliza kabla, maana bei zinatofautiana sana hata kwenye mtaa mmoja.

Mimi naishi jimbo jingine. Yananihusu?

Inategemea. Minnesota, walipo ndugu zetu wengi, iliacha kupima hewa chafu 1999, na jimbo la Washington likaacha mwanzoni mwa 2020. Texas iliondoa ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi Januari 2025, lakini kaunti kama Harris na Dallas bado zinapima hewa chafu, na hapo OBD ndiyo inayosema. Taa ya injini ikiwaka kwa sababu ya inteki mbovu, umefeli vilevile. Juu ya majimbo yote kuna sheria ya shirikisho, Clean Air Act, inayokataza kuchezea mfumo. EPA, shirika la mazingira la shirikisho, katika sera yake ya mwaka 2020, inaikubali EO ya California kama ushahidi kwamba kifaa hakivunji sheria hiyo. Kwa hiyo hata ukiwa Minneapolis, kununua inteki yenye EO ni uamuzi wa busara, hasa kama siku moja utahama na gari.

Inaongeza nguvu kweli?

Kidogo, tena injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Boksi la kiwandani la gari la kisasa tayari linavuta hewa ya baridi kutoka mbele ya gari au ndani ya bawa. Filta ya koni iliyokaa wazi katikati ya injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo, kwa hiyo kwenye foleni za Los Angeles unaweza hata kupoteza. Kinachobadilika waziwazi ni sauti. Kama unaipenda sauti hiyo, ni sababu halali. Nunua yenye EO na ngao ya kuzuia joto, ufurahi nayo.

Nataka kuipeleka nyumbani kwa mdogo wangu aifunge kwenye gari lake.

Kabla ya yote, fikiria vumbi. Gari la Dodoma au Kajiado linalopita barabara ya murram linahitaji boksi lililofungwa na filta ya karatasi inayobadilishwa kwa wakati. Filta ya wazi inakusanya vumbi haraka, na vumbi laini likipenya linakwangua silinda na pistoni. Mpelekee filta mbili za asili za gari lake badala yake.

Nanunua gari lililotumika na lina inteki. Niangalie nini?

California muuzaji ndiye anayepaswa kukupa cheti cha Smog Check, na cheti hudumu siku 90. Gari la petroli lisilozidi miaka minne ya modeli halihitaji cheti wakati wa kuuzwa. Gari likihamishwa kati ya mume na mke, mzazi na mtoto, ndugu wa tumbo moja, au babu na bibi na wajukuu, cheti hakidaiwi kwa uhamisho huo, isipokuwa kama ukaguzi wake wa kawaida umeshafika. Binamu hayumo.

Fungua boneti kabla ya kutoa hata dola. Tafuta kibandiko cha EO, kipige picha, hakiki namba hapo hapo kwa simu. Kisha muulize muuzaji boksi la asili liko wapi. Kama analo gereji, lipakie kwenye buti siku hiyo hiyo. Kama hana, na EO haipo, punguza kwenye bei gharama ya kutafuta boksi zima, na usikubali kauli kwamba mwaka juzi lilipita bila shida.